Kwa Miguu hadi Karema

Nawajia jioni hii kutoka Mpanda, siku ya kumi tangu nirejee kutoka Karema, na nyayo zangu bado zinaikumbuka njia. Nimeomba nafasi hii baada ya taarifa ya habari ili niwasimulie siku moja tu ya mwendo wa miguu, siku iliyoanza alfajiri pale Ikola na kuishia alasiri mlangoni pa kanisa kongwe la Karema, kwa kuwa siku hiyo moja imenifunza juu ya nchi yetu hii ya Katavi mambo ambayo miaka mingi ya kuipita ndani ya magari haikupata kunifunza.

Hapa Mpanda tunalo kanisa kuu, lililowekwa chini ya jina la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na aghalabu mtu akilisikia neno hilo, kanisa kuu, hudhani kwamba ukuu unaotajwa ni wa kuta na paa. Asili ya neno ni ya Kiyunani, kathedra, na maana yake ni kiti: kanisa huwa kuu kwa sababu ya kiti cha askofu kilichowekwa ndani yake, hata kama jirani yake ni kubwa kulishinda na lina mnara mrefu zaidi. Basi katika nchi yetu kiti hicho kimesafiri. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeiongoza vikarieti ya Tanganyika tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, makao yake yalikuwa Karema; mwaka 1946 vikarieti ile ikagawanywa, upande wa kaskazini ukaitwa Kigoma na upande huu ukaitwa Karema; mwaka 1953 Karema ikawa jimbo kamili; mwaka 1969 jina likageuzwa, jimbo likaitwa Sumbawanga; na mwezi Oktoba wa mwaka 2000 Jimbo la Mpanda likamegwa humo, Pascal William Kikoti akawa askofu wake wa kwanza, naye akaliongoza mpaka alipofariki mwezi Agosti 2012, mwaka ule ule ulipozaliwa mkoa wetu. Kwa hesabu hiyo kanisa kuu letu ni mjukuu. Bibi yake yuko ziwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, kiti amekwisha kukitoa, na mjukuu aliyelelewa vyema hana budi kwenda kumwamkia.

Nilipokwisha kuazimia safari nilikwenda kumwaga jirani yangu, mzee wa Kiislamu aliyejaaliwa kufika Makka, maana neno hija tumelipokea sote kutoka chemchemi moja, nami nilitaka dua yake. Hakuniuliza nitalala wapi wala nitakula nini. Aliniuliza kama nimelipa madeni yangu na kama nimewaomba radhi niliowakosea, kwa sababu kwao mtu hafungi safari ya namna hiyo huku ameacha kinyongo nyuma yake. Nilirudi nyumbani kimya. Ninaye ndugu, mwana wa mama yangu, ambaye hatukuwa tunasemezana tangu msiba wa baba, kwa ajili ya shamba ambalo leo hii hata halilimwi. Usiku ule nikampigia simu. Naihesabu simu ile kuwa ndiyo hatua ya kwanza ya njia ya Karema, na ilikuwa nzito kuliko zote zilizofuata.

Wala tusidhani kwamba kuendea mahali patakatifu kwa miguu ni jambo lililoletwa huku na misheni. Kabla ya msalaba na kabla ya mwezi na nyota, wazee wa Kipimbwe na wa Kibende walikuwa wakienda kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi kumpelekea tunu Katabi, yule pepo mwenye nchi ambaye hifadhi na mkoa vimechukua jina lake, na hata leo wako wapitao pale wakaacha kitu chini ya mti. Nchi hii imezoea watu waendao mbali kwa ajili ya kuomba. Na huko Uganda, kila ifikapo tarehe 3 Juni, njia zote za kwenda Namugongo, mahali pa mashahidi, hujaa mahujaji, wengine wametembea wiki mbili na zaidi, wakiwamo watu wa Kenya na watu wetu wa Tanzania. Nao wale mapadre waliowabatiza wengi wa mashahidi wa Uganda, na wale waliokuja kwenye ziwa letu, walitoka Bagamoyo katika msafara mmoja wa mwaka 1878, wakaachana huku bara, hawa wakashika njia ya Buganda na wale ya Ujiji. Namugongo na Karema ni ndugu waliogawana njia.

Sidai kwamba nilitembea kutoka Mpanda. Nilipanda basi kama watu wengine, nikapita Kapalamsenga, nikateremka Ikola jioni na mavumbi kichwani, nikalala kwa wenyeji. Tulikuwa watu saba, hatukutumwa na parokia wala na kigango, tulikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Na alfajiri, wakati wavuvi wa taa walikuwa wanarudi pwani na dagaa wa usiku, tulikusanyika mchangani kwa sala fupi. Hapo ndipo tulipomkuta mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba, amevaa katambuga miguuni na khanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, ameketi kando ya furushi lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda misheni?"

"Tunakwenda, mama, Mungu akipenda."

"Basi nitwike twende."

Nikainama kumtwika. Ndani ya furushi, kama nilivyokuja kujua baadaye, mlikuwa na sufuria, mkeka, mchele wa kumpelekea binti yake aliyejifungua, na chupa ya mafuta ya mawese. Na mimi niliyejiona mwenye nguvu nilitikisika kidogo nilipolinyanyua hadi usawa wa kichwa chake. Kwa kadiri yangu lilifika frasila moja. Alijiweka sawa, akaishika shingo yake kana kwamba anapanga nguzo, kisha akatangulia mbele, na tangu saa ile mpaka tulipofika hakuna aliyepata kumpita.

Njia ile huliacha ziwa mkono wa kulia. Mara liko wazi, linametameta hata macho yanauma, mara limefichwa na miti na mtu hulisikia tu. Na asubuhi na mapema, kwa kuwa jua huchomoza nyuma ya milima yetu, milima ya Kongo iliyo ng'ambo hupata mwanga kabla yetu, ikaonekana rangi ya shaba huku sisi bado tumo kivulini. Nilimwuliza mama yule kama hachoki. Alisema kwamba uchovu wa mzigo huwa mwanzoni, mwili ukikubali basi umekubali. Nami nikaanza kupiga hesabu. Mpagazi wa zamani za misafara alibeba kama frasila mbili, yaani mara mbili ya furushi lile, na fauka ya mzigo wa bwana alibeba chungu chake na chakula chake na mkeka wake, akaenda hivyo kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi ziwani, miezi na miezi.

Maana njia hizi za nchi yetu zilifunguliwa kwa shingo za watu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliyetumwa na jumuiya aliyoiasisi Mfalme Leopold wa Pili huko Brussels mwaka 1876, alifika Karema akajenga boma. Na katika mwaka ule ule wakajaribu kuwapumzisha wapagazi kwa kuleta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakawashusha Msasani, kule Dar es Salaam, wapelekwe ziwani na mizigo migongoni. Wengi wa tembo wale walikufa njiani, na kiongozi wa jaribio hilo, Carter, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 hapa hapa kwetu, katika nchi ya Mpimbwe, vita vya watu wa Mirambo vilipowakumba. Mizigo ikarudi kwenye vichwa vya binadamu. Mimi husoma habari hizi kwa majina ya makapteni, kwa kuwa ndiyo yaliyoandikwa. Siku ile, nikiutazama mgongo wa mama yule ulivyonyooka mbele yangu, nilitamani kwa dhati kuwajua walioandikwa kwa idadi tu.

Na hao walikuwa wapagazi wa ujira. Walikuwapo wengine, ambao nyayo zao ziliipita nchi hii bila ya hiari. Waliletwa kutoka Marungu na Manyema, wakavushwa ziwa kwa mitumbwi na madau, wakashushwa kwenye fukwe hizi wamefungwa, wakaongozwa mashariki na pembe za ndovu mabegani kwa ajili ya masoko ya Tabora na Bagamoyo na Unguja. Mtoto aliyeshindwa kutembea aliachwa. Sisemi hayo ili kumtia aibu mtu yeyote aliye hai, wala kabila wala dini, kwa maana waliouza na walionunua walikuwa wa kila namna, na watu wa nchi hii hii hawakukosekana kati yao. Nayasema kwa sababu kuitembea njia ile kwa ridhaa yako, asubuhi ya baridi nzuri, na mfuko wa karanga mkononi, huku ukijua kwamba waweza kugeuka saa yoyote ukarudi kwako, ni neema ambayo mtu hapaswi kuipokea kama kitu cha kawaida. Wengi waliotutangulia pale hawakuweza kugeuka.

Ilipokaribia adhuhuri lengelenge lilikuwa limenitoka kisiginoni, nami nikalificha kwa haya ya kiume. Mama aliliona kwa namna nilivyokuwa nikikanyaga. Alitua furushi lake chini ya mti, akaniamuru nivue kiatu na soksi, akachana ukingo wa khanga ya mabegani, utepe mwembamba wenye rangi nyekundu, akaniosha kwa maji ya kunywa na kunifunga akiwa amepiga magoti mavumbini. Nikajaribu kumzuia. "Tulia, mwanangu," alisema, "khanga ni nguo tu." Tukala hapo hapo mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga, tukanywa maji, mmoja wetu akaanzisha rozari, na baada ya makumi mawili tukasimama tena.

Upande wa Karema mtu hutembea juu ya nchi ambayo babu zetu waliijua kuwa ni maji, na jambo hili nalipenda mno, hivyo naomba mnistahimilie nilieleze. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na mji uitwao leo Kalemie. Cameron, Mwingereza aliyeuona mwaka 1874, aliukuta umezibwa na magugu na mchanga, na maji yalikuwa yakizidi kupanda mwaka baada ya mwaka. Kisha yapata mwaka 1878 kizuizi kile kikapasuka, maji yakapata njia, na ziwa zima likaanza kushuka. Cambier alikuwa amejenga boma lake karibu na maji, na maji yakaondoka. Katika muda wa miaka kumi na mitano hivi ziwa lilishuka kiasi cha mita 10, ufuo ukasogea mbali, palipoegeshwa mitumbwi pakaota majani. Siku hizi, tangu kama mwaka 2020, linapanda tena, na watu wa Kigoma na vijiji vya pwani wameona nyumba zao zikiingiliwa. Upande ule ule imejengwa bandari mpya ya Karema, iliyokamilika mwaka 2022 ili kuwapokea wasafiri na shehena za Kalemie. Na nilipokuwa nikiitazama kwa mbali niliwaza kwamba maji yale yale yaliyovusha watu wakiwa mali sasa yatavusha saruji na mahindi, na mwenye tiketi atashuka na mkoba wake aende atakako.

Tulifika alasiri. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alitupigia ukelele wa salamu, "Tumsifu Yesu Kristu!" nasi tukaitikia, "Milele, amina," kwa sauti za watu waliochoka, kisha tukapanda taratibu mpaka kanisani. Kuta zake ni nene kwa namna ya majengo ya zama zile, na kivuli chake saa ile ni kirefu. Pale mlangoni mama yetu alitua furushi, akavua katambuga zake, akazipanga ubavu kwa ubavu kando ya ukuta, nyayo zake zikiwa nyeupe kwa vumbi na visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi, akataka kuingia. Mimi nilidhani zimemwumiza. Nikamwuliza, "Mama, mbona peku?"

Alinitazama kama amtazamavyo mtoto aliyeuliza kwa nini kuna usiku. "Mama yangu aliingia hivi," alisema, "na mama yake aliingia hivi. Waliokuja hapa mwanzo hawakuwa na viatu."

Aliingia. Nami nilibaki mlangoni muda mrefu, kwa sababu maneno yale yalikuwa yamenifungulia kitu ambacho vitabu vilinipa vipande vipande tu. Mwaka 1885, Leopold alipokwisha kuelekeza macho yake yote Kongo, Wabelgiji waliwakabidhi Mababa Weupe boma lao la Karema; na mji uliokua kuzunguka misheni, wakati wa vita na utekaji, ulikuwa kwa sehemu kubwa mji wa watu waliokombolewa: watoto na wanawake walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanya biashara wakaachwa huru, pamoja na waliotoroka wenyewe na waliokimbia njaa na moto wa wapiganaji waitwao ruga-ruga. Hao ndio waliokuja mwanzo. Waumini wa kwanza wa kanisa lile hawakufika kwa safari ya ibada. Walifika kwa safari ya minyororo, na mnyororo ulikatikia pale.

Najua kwamba ukombozi ule wa kulipa fedha una swali gumu ndani yake, kwa kuwa fedha ya mkombozi humtajirisha mwuzaji, na mwuzaji aliyetajirika hurudi kuteka. Na tena aliyekombolewa alijikuta chini ya amri ya misheni, akaambiwa aishi wapi na aoe vipi. Ziko ndoto za Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika la Mababa Weupe kule Algiers mwaka 1868, za kusimika ufalme wa Kikristo kando ya ziwa letu, ambazo leo hatuwezi kuzisifu. Na yule askari wake, Kapteni Joubert, aliyevuka kwenda ng'ambo mwaka 1887 na kuishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1927, alikuwa mtu wa bunduki pamoja na rozari. Haya yote na yasemwe. Lakini mtoto aliyekatwa kamba shingoni hakuwa na wasaa wa kuyapima, na mimi niliyelala usingizi wa raha maisha yangu yote sithubutu kuyapima kwa niaba yake.

Kati ya watu wa Karema yuko mmoja ambaye habari zake zinatosha kuujaza usiku mzima, naye ni Adrien Atiman. Huyu hakuzaliwa Ubende wala Ufipa wala mahali popote pa Afrika ya Mashariki. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali; akatekwa akiwa mtoto mdogo na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa; na mwaka 1876 mapadre wa Lavigerie wakamnunua katika nchi ya Algeria, wakamwacha huru na kumsomesha. Kisha akapelekwa kisiwani Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua chuo cha kuwaandaa vijana wa Kiafrika waliokombolewa wapate kuwa waganga na makatekista, akasomea utabibu huko kwa miaka kadhaa. Na alipokwisha kuhitimu, kijana wa miaka zaidi ya ishirini, angaliweza kuomba kubaki penye hospitali na taa na barabara za mawe. Akaja Karema. Alifika mwaka 1889, na kutoka pwani njia ilikuwa ni ile ile ya misafara.

Hebu tulitafakari hilo, wasikilizaji wangu. Mtu aliyevushwa jangwa akiwa mtumwa, aliyekwisha kuonja kwa nyayo zake mwenyewe maana ya kutembezwa, anachukua hiari yake yote na kutembea tena, miezi, kuelekea mahali ambapo watu wanaendelea kufungwa kama alivyofungwa yeye, ili awaoshe vidonda. Nimesoma habari za mahujaji wa Hispania wanaokwenda Santiago de Compostela, na za wale wa Makka waliokuwa wakivuka Sudani nzima kwa miguu, nami nawastahi wote. Ila sijui hija iliyo kubwa kuliko hiyo ya Atiman, na ilipita katika nchi yetu.

Alikaa. Alimwoa mwanamke wa Kibende, mwanawe Joseph akawa padre, akajifunza lugha za hapa, na hakuidharau mizizi na majani ya waganga wa kienyeji, aliyachunguza na kuyatumia pamoja na dawa za Ulaya pale zilipofika na pale zilipokosekana. Vita kuu ya kwanza ilipita, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaja, vita ya pili ikapita, yeye yupo, anapokea wagonjwa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, amekwisha kuwahudumia watu wa Karema kwa miaka 67. Nimewauliza vijana wengi wa shule hapa mjini kama wamepata kusikia jina lake. Wengi wao hawakulijua, ilhali wanaweza kunitajia Livingstone na Stanley pamoja na tarehe zao. Jambo hilo linaniuma, nami nalisema waziwazi. Siombi sanamu. Naomba mwalimu wa historia, katika mkoa huu walau, asimame siku moja mbele ya darasa aandike ubaoni: Atiman, Karema, 1889 hadi 1956, kisha aeleze.

Nilipoingia kanisani hatimaye macho yalichukua muda kuzoea giza. Palikuwa na ubaridi, na harufu ya nta na ya mbao za zamani. Mama yetu alikuwa amepiga magoti karibu na nguzo, hana kitabu wala rozari mkononi, viganja vimefunguliwa juu ya mapaja yake kama mtu anayengoja kupewa kitu. Sikusali sala ndefu. Nilimtaja baba yangu, nikamtaja ndugu yangu, kisha nikawataja wale nisiowajua majina, na nilipofika hapo maneno yakaniishia, nikakaa tu. Nje tulisikia watoto wakikimbizana. Baadaye binti wa mama yule alikuja na kichanga mgongoni kutuchukua, akatulisha ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma, nasi tukalala mapema bila hata ya kuaga vizuri.

Jumapili iliyofuata nilikuwa hapa Mpanda katika kanisa kuu letu, benchi la tatu kutoka nyuma, kisigino bado kimefungwa utepe wa khanga ambao sikutaka kuutupa. Nilikitazama kile kiti. Niliwaza jinsi kilivyokuja mpaka hapa, mahali ambapo mji wenyewe ulikuzwa na madini ya risasi na reli iliyojengwa kutoka Kaliua yapata mwaka 1950, mji wa Wasukuma na Wafipa na Wakonongo na wale ndugu waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, watu ambao karibu wote, wao au wazazi wao, walifika hapa kutoka mahali pengine wakiwa na furushi. Pembeni yangu aliketi ndugu yangu. Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Tabora siku mbili kabla, amezeeka kuliko nilivyotarajia, na la shamba hatujalizungumza bado.

Tumekubaliana kwamba kiangazi kijacho, mvua zikikatika na njia zikikauka, tutaondoka hapa Mpanda kwa miguu, njia nzima, siku tano au sita, tukilala vijijini kwa hisani ya wenyeji. Na msikilizaji yeyote, wa dini yoyote, atakayependa kufuatana nasi anakaribishwa, ila abebe mwenyewe mzigo wake na awe amekwisha kuwapigia simu anaopaswa kuwapigia. Jana alasiri ndugu yangu aliniuliza katambuga zinapatikana wapi. Nikampeleka sokoni kwa fundi. Alivua kiatu chake cha mjini, akaweka unyayo wake juu ya kipande cha tairi la lori, na fundi akachukua chaki, akaanza kuuzunguka taratibu kuanzia kidole kikubwa.